Mti Wangu Ulipozaa Malimao

Asubuhi zetu, mimi na mama, zilianza na ndoo. Kabla jua halijapanda tunaingia kwenye michungwa kuokota machungwa yaliyoanguka na kuoza, maana ukiyaacha chini yanazaa nzi, na nzi wakishazaliwa wanapanda juu kutoboa yaliyo mazima.

Si kazi ya kumsimulia mtu anayekula. Chungwa lililooza ukilishika vidole vinazama, linatoka maji ya kahawia, na ndani funza weupe wanajikunja na kuruka kama watu waliokatizwa usingizi. Mimi huokota nikiwa nimegeuza uso. Mama hageuzi uso. Anaokota kama anayeokota mayai.

Asubuhi hiyo ndoo zilikuwa bado nusu shangazi alipotokea mbio, gauni kalipandisha mpaka magotini.

“Acheni ndoo! Mnaitwa kwenye safu. Wote.”

“Safu si kesho, wifi?” mama akauliza.

“Ilikuwa kesho. Kaka yangu ameamka na lake. Nawe Kimya, nawa mikono. Unanuka kama jaa.”

Nilinawa. Nikanusa vidole. Bado.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo tu: Kimya ndiye mimi, jina nililopewa kwa sababu sauti yangu haifiki mbali. Nilirudi kutoka chuo cha kilimo nikamkuta mama anachechemea mguu, na vigingi vimepigwa kwenye shamba letu la bondeni. Shamba hilo alilifyeka marehemu baba, na ndilo linalotulisha mimi na mama. Vigingi ni vya binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa. Tunamwita Meneja, ingawa hajawahi kusimamia chochote zaidi ya redio yake. Anataka kujenga mabanda ya kuku. Nilipokwenda kulia kwa baba mkubwa, akanijibu kwamba yeye hapendi kelele, safu ndiyo itakayoamua, yaani ule mstari wa michungwa ya ukoo tunaoupitia pamoja mti kwa mti. Mwenye mti kwenye safu ana ardhi. Asiye na mti ni mgeni, na mgeni huenda kwao.

Mimi nilikuwa na mti. Kwa hiyo nililala vizuri wiki nzima. Mjinga mimi.

Ukoo wetu hauna picha ukutani. Una michungwa. Akizaliwa mtoto, huoteshwa mche wa mlimao, kwa kuwa mlimao una mizizi migumu isiyoogopa magonjwa. Mche ukifika unene wa kidole unakatwa kichwa na kubebeshwa kikonyo, yaani kijitawi kilichotolewa kwenye mchungwa wa baba yake mtoto. Chini mlimao, juu mchungwa. Hilo hufanywa na wakulima wengi, wala halina ajabu.

Ajabu ni yetu sisi. Sisi tunaamini kwamba kikonyo kinamjua mtu. Kikishika, mtoto ni wa ukoo. Kikikauka, mama yake aulizwe alikuwa wapi.

Chuoni nilimsimulia mwenzangu wa chumbani habari hii akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilijaribu kucheka naye nikashindwa. Nilikuwa namfikiria mwanamke wa zamani, ambaye simjui, aliyesimama mbele ya kijiti kikavu akisubiri kuhukumiwa.

Tulimkuta baba mkubwa chini ya mti wa kwanza, kavaa koti zito kwenye jua, kisu cha kubebeshea kinaning'inia kiunoni. Yeye ndiye mwenye safu. Meneja alisimama kulia kwake akitafuna kijiti cha meno. Shangazi alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kisiki chake. Mama alisimama nyuma, kama kawaida, na ndoo yake hakuiacha.

Baba mkubwa akaupiga mti kofi.

“Huyu ni Mfyekaji!” akaanza. “Baba wa baba yangu! Alifika hapa pakiwa msitu na nyani. Hakumkuta mtu. Alikuwa na panga moja na mche mmoja!”

“Na mke mmoja,” shangazi akaguna. “Mche aliubeba mke, na mtoto mgongoni.”

“Nani anaongea?”

“Nakohoa tu, kaka.”

Mke wa Mfyekaji hana mti. Wake wa ukoo huu hawapewi miti. Wanapewa ndoo.

Baba mkubwa akasogea. “Mfyekaji akazaa wawili! Wa kwanza, baba yangu, aliyevuta maji ya mto mpaka hapa kwa jembe la mkono. Huyu hapa.” Kofi. Mti wa babu una tundu kubwa tumboni, na humo ndani siku zote mna kitu kinachotembea. “Wa pili…”

Hapo hapakuwa na mti. Palikuwa na shimo.

Babu mdogo aligombana na kaka yake juu ya zamu ya maji, na kwa hasira akakata tawi kwenye mti wa kaka yake. Safu ina amri moja tu: atakayetia chuma kwenye mti wa safu, asiyekuwa mwenye safu, asilale hapa. Hakulala. Mti wake uling'olewa siku hiyo hiyo, naye akaondoka na mke, watoto, na mbuzi mmoja kilema. Shimo halikufukiwa. Tunatupia humo kuku wanaokufa kwa kideri, na kila siku ya safu kila mtu wa ukoo hupita na kulitemea mate.

Baba mkubwa akatema. Meneja akatema, na yeye hutema kwa mbwembwe, hujikohoza kwanza kutoka mbali. Shangazi akatema huku amekaa, bila kutazama. Mimi nilijifanya natema. Harufu iliyotoka humo ilinipanda mpaka machoni, na nilijiuliza ni watu wa namna gani hawa, wanaomkumbuka ndugu yao kwa njia hii.

“Baba yangu akazaa watatu!” Baba mkubwa alifika kwenye mti wake mwenyewe na kofi hili likawa la upole, karibu na kuupapasa. Ni mti mnene, unalishwa mbolea kuliko watu wengine wanavyolishwa chakula. “Mimi. Kisha shangazi yenu huyo.”

Mti wa shangazi ni kile kisiki alichokalia. Msichana akiolewa mti wake hukatwa, kwa sababu ameshakuwa wa watu. Shangazi aliolewa, akakaa, akarudi. Alikuta kisiki. Toka siku hiyo hakai kwenye kiti chochote tukiwa kwenye safu.

“Kinanitosha,” huwa anasema. “Kina upana wangu.”

“Na wa tatu,” baba mkubwa akasema, sasa kwa haraka, “marehemu.”

Mti wa baba yangu ni mwembamba, umeinama, na mwaka huo ulikuwa umezaa mpaka mama akaupigia miti ya kuegemea. Baba alikufa nikiwa tumboni. Simjui zaidi ya mti huo. Niliugusa kwa nyuma ya mkono, ambao haukuwa na harufu ya ndoo.

Kisha likaja chungwa.

Naomba msomaji anivumilie. Chungwa moja huchumwa kwenye mti wa Mfyekaji, linakatwa juu, na linapita mdomo kwa mdomo kutoka mkubwa mpaka mdogo. Baba mkubwa hufyonza kwanza, na baba mkubwa hunusa ugoro. Akalitoa mdomoni likiwa na ukingo wa kahawia na unywele mmoja wa masharubu. Shangazi akafyonza, na meno yake ya mbele hayapo, kwa hiyo hutumia ufizi. Meneja akafyonza kwa sauti, akalifinya, akalilamba pembeni, akanipa.

Lilikuwa la uvuguvugu. Kama kitu kilichotoka ndani ya mtu.

“Fyonza, msomi,” Meneja akasema. “Au chuoni mlifundishwa kuwaogopa ndugu?”

Nililiweka mdomoni nikiwa nimebana midomo, nikameza mate yangu mwenyewe. Mama, kwa kuwa si wa damu, hapewi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonea mama wivu.

“Twende mwisho,” akasema baba mkubwa.

Mti wa Meneja ulipigwa kofi. Ukabaki wangu.

Wangu uko mkiani kabisa, ng'ambo ya shimo la samadi, mahali ambapo maji meusi ya zizi hujikusanya na mvua ikinyesha yanafurika. Hakuna anayefika pale kwa hiari. Siku za safu huwa wanasimama upande huu, baba mkubwa ananyoosha kidole, anasema “na yule kule”, kila mtu anaitikia, tunaondoka. Ni mama peke yake aliyeushughulikia. Kila mwaka ukitoa maua aliyachuma yote kwa vidole. Alikuwa akiyakausha, na watu walijua ni dawa yake ya kifua.

Mwaka huu mguu ulimsumbua. Hakuvuka.

“Leo tunavuka,” Meneja akasema.

Niliona jinsi alivyomtazama baba yake, na jinsi baba yake alivyokwepa. Nikajua kwa nini safu imewahishwa. Hawa walikuwa wameshavuka jana.

Tukakanyaga mawe juu ya ule uchafu mweusi. Shangazi naye alikuja, akilaani kila jiwe kwa jina lake. Nikainua macho.

Mti wangu ulikuwa umejaa malimao.

Si machungwa mabichi. Malimao, ya manjano, yenye ngozi ya mikunjo na chuchu mwisho. Meneja akachuma moja, akaling'ata ingawa hakuna aliyemwambia, uso ukajikunja kama nguo iliyokamuliwa, akatema. Yote yakanitua kwenye kiatu.

“Mwenyewe nimeonja,” akasema. “Asije mtu akasema nimezua.”

Baba mkubwa akalipokea lile limao, akaligeuza kiganjani.

“Kikonyo kimekataa,” baba mkubwa akasema polepole.

“Miaka yote tunaona majani,” Meneja akasema. “Majani ni majani. Kumbe tunasalimia mlimao! Huyu si wetu, baba. Mama mdogo atuambie huyu ni wa nani.”

“Wewe,” shangazi akamwambia, “chunga mdomo wako. Huyo ni mama yako.”

“Ni mke wa marehemu baba mdogo. Kama alikuwa mke.”

Nilimtazama mama. Alikuwa ameweka ndoo chini, ameshika mguu wake unaouma. Mimi, niliyewahi kukosa alama chuoni kwa kushindwa kusimama mbele ya darasa, nilisikia sauti ikitoka na nikashangaa kuwa ni yangu.

“Baba mkubwa, naomba niseme.”

“Sema, mwanangu.”

“Kikonyo hakijui damu. Kinaweza kukauka kwa jua, kwa kufungwa vibaya, kwa kisu kichafu. Kikikauka, mlimao wa chini unachipua na kuchukua nafasi. Ni hivyo tu. Kama kilikufa chenyewe, pale kilipobebeshwa pataonekana pameoza. Niruhusu niwaonyeshe.”

“Ameanza kutufundisha,” Meneja akacheka. “Baba wa babu alibebesha hata kabla chuo chenu hakijajengwa.”

“Mwache aonyeshe,” baba mkubwa akasema.

Nikapiga magoti kwenye matope yale, na matope yale nayajua yanatoka wapi. Shina lote lilikuwa limepakwa chokaa, matabaka na matabaka, kwa mkono wa mama. Nikakwangua kwa jiwe. Chokaa ikabanduka vipande. Nikafika kwenye gome, nikapapasa kutafuta tundu la uozo.

Hapakuwa na uozo.

Palikuwa na kisiki kidogo ubavuni, bapa, laini kama kitako cha kikombe, gome limekizunguka pande zote kama mdomo unaojifunga. Mti haukatiki hivyo wenyewe. Hapo palipita msumeno, na ulipita kwenye tawi zima, lililokuwa limeshika na kunenepa.

Moyo ulinirukaruka kwa furaha. “Hakikukataa!” nikapaza sauti. “Tazameni! Kilishika! Kilishika kabisa, mtu ndiye aliyekikata! Baba mkubwa, mimi ni wa safu!”

Baba mkubwa akainama, akaweka kidole gumba juu ya ule ubapa. Alibebesha mwenyewe, kwa mkono wake, hakuhitaji kuambiwa.

“Kweli,” akasema. “Kilishika.”

Nikamgeukia mama ili tufurahi wote. Mama alikuwa amekuwa wa rangi ya ile chokaa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliyaelewa yote kwa mpigo mmoja, yale maua aliyokuwa akiyachuma, chokaa ile nene, na dawa ya kifua wakati mama hajawahi kukohoa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye samadi kumchimbia mama yangu shimo, tena kwa maelezo ya kisomi.

Meneja si mwepisi wa akili, lakini kwenye ubaya hachelewi.

“Basi kuna aliyetia chuma kwenye safu,” akasema. “Nani anautunza huu mti? Nani anavuka huku? Baba, amri ni moja. Asilale hapa. Yeye na mwanawe.”

“Subiri kwanza,” shangazi akasema. Alikuwa ameshika kiuno, anautazama mti, kisha anamtazama kaka yake. “Mimi nina swali langu dogo. Siku ya kubebesha mti huu nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika kamba. Kikonyo hukikutoa kwa marehemu. Ulikikata kwako.”

“Mti wa marehemu ulikuwa mgonjwa.”

Shangazi akageuka nyuma, polepole kwa makusudi, akautazama mti wa baba yangu ulioegemezwa miti mitatu kwa kulemewa na machungwa.

“Mgonjwa huyo?”

“Mwaka ule!”

“Mwaka ule tulikula machungwa yake mpaka tukaugua tumbo, kaka. Kaburi lilikuwa bado halijashuka udongo, wewe unabebesha mtoto wa mdogo wako kwa tawi lako. Nilidhani ni majonzi. Nikanyamaza.”

Baba mkubwa hakufedheheka. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu kuliko samadi na chungwa vyote pamoja. Alitabasamu. Alipangusa masharubu, akamsogelea mama, akashusha sauti mpaka ikawa laini, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo na ambayo, nilijua papo hapo, mama alishaisikia mara nyingi.

“Shemeji,” akasema, “mimi si mtu wa ugomvi. Nilitaka mtoto asikae bila baba, na wewe usikae bila mtu. Kuna ubaya gani? Mimi ndiye mwenye safu. Nikisema upepo ulivunja tawi, basi ni upepo. Hapa hapa nakata kikonyo kingine kwangu, nambebesha upya huyu binti, anaitwa mwanangu mbele ya wote. Shamba la bondeni linabaki. Meneja anang'oa vigingi vyake.”

“Baba!” Meneja akang'aka.

“Funga mdomo. Wewe shemeji unahamia nyumba kubwa. Kazi yako ni kuitikia tu. Nalisubiri jibu lako tangu siku zile.”

Na mimi nikaona picha niliyokuwa nimeishi nayo bila kuiona. Kila baada ya mavuno baba mkubwa alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akijichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti na kuitazama ile njiti kila alipoitoa. Mama yake Meneja alikuwa ameshaondoka zamani, bila kuaga mtu, na nyumba kubwa ilikuwa na mlio wa redio tu. Baba mkubwa anakaa, anajichokonoa, halafu ananiambia, “Binti, kalete maji mtoni.” Nilikwenda. Nilikuwa mtoto mtiifu. Nikirudi namkuta mama amekaa pale pale, uso umekauka, akimenya kitu ambacho kilishamenywa.

Nilimletea baba mkubwa maji. Alikunywa. Alinisifu.

“Itikia, wifi,” shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. “Au usiitikie. Lakini ukisema ulikikata wewe, unajua njia ya babu mdogo. Unaondoka leo leo. Na binti naye.”

Baba mkubwa alikuwa ameshakichomoa kisu chake cha kubebeshea na anakifuta kwenye koti, upande huu, upande ule, kama mtu anayejiandaa kukata keki.

“Mama,” nikasema. Nilitaka kumwambia asijali juu yangu. Nilitaka kumwambia nina mikono miwili na cheti, tutaishi. Lakini vilevile nililiona lile shamba, matuta yetu, mfereji tuliouzibua mimi na yeye kwa miguu mitupu. Nina haya kulisema, lakini kwa sekunde moja chafu nilitamani aitikie.

“Mama mdogo, sema basi tukale,” Meneja akasema.

Mama aliinua mguu wake unaouma, akauweka vizuri, akasimama juu ya miguu yote miwili. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama baba mkubwa machoni, jambo ambalo shemeji yake huyo hakuwa amelizoea, maana alirudi nyuma na kisigino chake kikazama kwenye samadi.

“Upepo haukuvunja kitu,” mama akasema. “Nilikata mimi. Kwa msumeno wa mume wangu. Mchana, wewe ukiwa umelala na mdomo wazi, na mtoto nimembeba mgongoni. Sikukosea, wala sikuwa na uchungu wa msiba. Nilijua nakata nini.”

“Shemeji, angalia unachosema.”

“Nimeangalia sana. Ulimpandikiza mwanangu tawi lako kabla mimi sijamaliza kumlilia baba yake, ili ukinitazama uone mali yako imeshaota. Kila asubuhi nikifungua mlango nililiona linanenepa. Nikaona bora mlimao. Mlimao ni mchungu lakini haujawahi kuja kukaa mlangoni kwangu.”

“Wifi…” shangazi akanong'ona.

“Niache nimalize, wifi, sitaweza tena.” Mama akamgeukia tena baba mkubwa. “Shemeji, kila mwaka umeniuliza, na kila mwaka nimenyamaza, nawe ukaenda zako ukidhani nafikiria. Sikuwa nafikiria. Nilikuwa nazuia kutapika. Sikutaki. Sikukutaka ukiwa kijana, sikutaki na hilo koti, na mwanangu hatalala hata siku moja chini ya jina lako. Sasa shika kisu chako vizuri, utuambie mbele ya watu tuondoke na nini.”